Tuyasikilize maneno ya wimbo kabla ya kumtafuta mtunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu jinsi tunavyozieleza nyimbo za mapenzi na majuto, katika kurasa za burudani za magazeti yetu na katika vipindi vya zilipendwa redioni. Maelezo hayo siku hizi yamekuwa ya aina moja. Wimbo hutajwa, kisha msomaji akaambiwa ulitungiwa mwanamke gani, huyo mwanamke aliolewa na nani, na mtunzi aliumia kiasi gani. Halafu hutamkwa kwamba majuto ni mjukuu, na santuri ikapigwa. Maneno yenyewe, ambayo ndiyo yaliyotufanya tuupende wimbo tangu mwanzo, hayaguswi. Sisi ni kama mtu aliyepokea barua akatumia siku nzima kuichunguza stempu, akaiweka barua kando bila ya kuifungua.

Nitautumia wimbo ambao hakuna msomaji wako asiyeujua, nao ni "Malaika". Habari za nje ya wimbo huu zimesimuliwa sana. Tunajua kwamba Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba haki za utunzi ziliandikwa kwa jina lake hadi alipofariki mwaka 2001. Tunajua pia kwamba utunzi huo umebishaniwa kwa miongo mingi, na kwamba Adam Salim ni miongoni mwa waliotajwa kuwa ndiye mtunzi wa kweli, aliyeutunga miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya umaskini. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautoa upya mwaka 1991. Kila mara wimbo huu unapotajwa gazetini, habari hizi hurudiwa, na ubishi wa nani aliutunga na alimtungia nani huanza upya.

Mimi siupuuzi ubishi huo. Haki ya mtunzi ni haki, na anayestahili kulipwa alipwe. Lakini tukidhani kwamba siku tutakayolijua jina la msichana ndiyo siku tutakayoujua wimbo, tutakuwa tumekosea, kwa sababu wimbo wenyewe umekataa kumtaja msichana huyo, na si yeye peke yake uliomwacha nje. Katika kisa kinachosimuliwa wamo wazazi waliokataa na yumo mwanamume tajiri aliyemwoa binti. Katika wimbo hawamo. Hakuna baba, hakuna mjomba, hakuna mshenga, hakuna mpinzani. Wamo watu wawili tu, na mmoja wao hasemi lolote. Mtunzi, awe ni nani, aliamua kuwafuta watu wote ambao mwenye uchungu wa kawaida angewalaumu, akabaki na kijana asiye na wa kumlaumu. Tunapowarudisha wale watu katika maelezo yetu tunadhani tunaufafanua wimbo, kumbe tunautungia wimbo mwingine ulio mwepesi zaidi, ambao ndani yake yuko mkosaji na yuko aliyekosewa.

Walimu wenzangu wa fasihi wanajua kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne akipewa shairi katika karatasi ya tatu ya mtihani, mara nyingi huulizwa nafsineni ni nani, yaani yule anayesema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Swali hilo jepesi tunawauliza watoto kuhusu mashairi ya vitabuni, nasi watu wazima hatujiulizi kuhusu nyimbo tunazozisikiliza kila siku. Hebu tuliulize hapa. Nani anasema katika "Malaika"? Yeye mwenyewe anajitambulisha. Hajiiti mpenzi, wala mchumba, wala mtumwa wa mapenzi kama wajiitavyo wengi katika nyimbo za taarabu. Anajiita "kijana mwenzio". Maneno haya mawili tunayapita haraka, na kwa maoni yangu ndiyo msingi wa wimbo mzima. Kwa kusema hivyo anadai usawa wa pekee alio nao, usawa wa umri. Wote wawili ni vijana, na kijana, kwa desturi za jamii zetu karibu zote, hana mali. Mali iko mikononi mwa wazee, na ndoa ni jambo linalopita mikononi mwa wazee kabla ya kuwafikia wanaopendana. Basi anapomwambia "mimi ni mwenzio", anamkumbusha kwamba hata yeye msichana hana mamlaka juu ya jambo linalowatenganisha. Ni maneno ya upole mkubwa. Amejiweka upande wake wakati angeweza kujiweka mbele yake kama mwombaji.

Tazama pia kwamba wimbo unataja mali na unataja pesa, na kwamba hivyo si kitu kimoja. Mali ni neno la zamani na pana, nalo linaingiza mifugo, shamba, na kila kinachoweza kutolewa kuwa mahari. Anaposema ameshindwa na mali hana, anasema lugha ambayo babu yake angeielewa. Lakini kinachoisumbua roho yake ni pesa, na pesa ni kitu cha mjini, cha mshahara wa mwisho wa mwezi, cha kibarua na kodi ya chumba. Wimbo huu ulienea wakati ambapo vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wameacha kwao kufuata kazi za ujira Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wao walikwenda kutafuta pesa hasa ili wapate mali ya kuolea. Kijana wa wimbo huu amekwama kati ya vitu hivyo viwili: mali hana, na pesa ambazo zingemletea mali zinamtesa tu. Msikilizaji wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa jambo hili. Msikilizaji wa leo analihitaji, na kulieleza ndiyo kazi ambayo kurasa zetu za burudani zingeweza kuifanya.

Kisha kuna neno "ningekuoa", ambalo ndilo lenye majuto. Wafafanuzi wengi huuita wimbo huu wimbo wa majuto kana kwamba mambo yamekwisha, msichana ameolewa, na kijana amebaki analia. Lakini vitabu vya sarufi hutufundisha kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado lingewezekana kama sharti lake lingetimia, na kwamba kwa lililokwisha kupita tungetumia -ngali-. Najua kwamba midomoni mwa watu mpaka huo hauchungwi sana, na sitaki kuujenga ukuta mkubwa juu ya silabi moja. Hata hivyo, hakuna lolote katika wimbo linalotuambia kwamba msichana ameondoka. Kijana anamwita, anamwambia nakupenda, kwa wakati uliopo. Hasemi nilikupenda. Hapa ndipo methali ya majuto ni mjukuu, ambayo watangazaji wetu huibandika juu ya kila wimbo wa huzuni, inapotupotosha. Methali inasema kwamba majuto huja baada ya kosa. Majuto ya kijana huyu yamekuja kabla, na hayakufuata kosa lolote. Anamjutia mtu ambaye bado yuko mbele yake na ambaye angali anaweza kumjibu. Ni majuto ya mtu anayeuona mwisho kutoka mbali na hana la kuuzuia, na kwangu mimi hayo ni mazito kuliko majuto ya aliyekosa, kwa sababu aliyekosa anaweza kutubu. Huyu atatubia nini? Umaskini si dhambi.

Sehemu ninayotaka kuikawilia zaidi ni ile ya kidege. Katika matoleo mengi kijana anaimba: "Kidege, hukuwaza kidege." Nimewahi kuwasikia watu wenye Kiswahili kizuri wakiueleza mshororo huu kwa njia mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi, na wote wawili wana haki kwa kanuni za lugha. Njia ya kwanza ni kuisikia hu- ya mazoea: kila siku nakuwaza wewe, kidege. Njia ya pili ni kusikia ukanushi wa wakati uliopita: wewe, kidege, hukuwaza, yaani hukufikiri. Herufi ni zile zile na matamshi ni yale yale. Kwa njia ya kwanza kijana anakiri jinsi anavyoshinda akimfikiria. Kwa njia ya pili anamlaumu kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika wimbo mzima: hukuniwazia, hukupima, hukufikiri maumivu yangu.

Katika mazungumzo ya kawaida tungeongeza neno ili kuondoa utata. Tungesema "mimi hukuwaza" au "wewe hukuwaza". Wimbo haukuongeza. Na hu- ya mazoea ina tabia moja inayofaa kuangaliwa: haitaji nafsi. Inaeleza kitendo kinachofanyika siku zote, lakini hailiweki jina la mtendaji ndani ya kitenzi. Basi hata tukiichagua njia ya kwanza, tunampata kijana ambaye anawaza mfululizo lakini yeye mwenyewe amepotea ndani ya sentensi, kimebaki kitendo cha kuwaza na yule anayewazwa tu. Mimi binafsi naegemea upande huo, kwa sababu lawama haiafikiani na mtu aliyejiita kijana mwenzio na aliyewafuta wakosaji wote. Lakini sithubutu kuifuta njia ya pili. Mtu mpole anayeteseka sana anaweza kuponyokwa na neno moja la lawama, na wimbo ukampa neno ambalo anaweza kulikana papo hapo. Wako waimbaji wanaoimba "nakuwaza", na kwa kufanya hivyo wanatuamulia. Sikilizeni matoleo hayo yote, ndugu wasomaji, mtaona jinsi silabi moja inavyoweza kumgeuza msichana kutoka mtu anayekumbukwa akawa mtu anayelaumiwa.

Kibwagizo cha "nami nifanyeje" nacho hubadilika kila kinaporudi, ingawa maneno hayabadiliki. Kikifuata "nakupenda" ni swali la mtu aliyezidiwa na mapenzi. Kikifuata pesa zinazosumbua roho ni malalamiko. Kikifuata kidege, basi inategemea tumekisikia vipi kile kitenzi cha hukuwaza: kwa njia moja ni mtu anayekiri kwamba hawezi kuacha kuwaza, kwa njia nyingine ni mtu anayedai jibu. Na swali lenyewe halijibiwi. Katika wimbo mzima kijana haombi kusubiriwa, hatoi ahadi ya kurudi na mali, hamwambii watoroke. Angeweza kusema yote hayo, na nyimbo nyingine nyingi zimeyasema.

Narudi kwenye suala la mtunzi na nafsineni, maana najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba hisia za kweli haziwezi kutengwa na maisha ya aliyezitunga. Kijana wa "Malaika" ni mwanamume, kwa kuwa katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Lakini walioupeleka wimbo huu mbali zaidi duniani ni wanawake, na hakuna msikilizaji wa Kiswahili aliyemsikia Miriam Makeba akashindwa kumwona yule kijana. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa Afrika Kusini, na uchungu ukabaki wa kijana wa Kiswahili asiye na mali. Ikiwa mwimbaji anaweza kuwa mwingine kiasi hicho na maana ikasimama, basi maana haikukaa katika maisha ya mwimbaji.

Wenzetu wa taarabu wamelijua jambo hili tangu zamani. Katika vikundi vikongwe vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905 au Culture Musical Club cha mwaka 1958, ilikuwa kawaida mashairi yatungwe na mtu mmoja, muziki utiwe na mwingine, na sauti iwe ya mtu wa tatu. Ni nani kati ya hao watatu mwenye majuto? Wote na hakuna. Shairi la taarabu, lenye beti zake za mishororo mitatu na vina vyake vya kati na vya mwisho, hutengenezwa kwa ufundi na utulivu hata pale linapozungumzia moyo uliovunjika, na ufundi huo ndio unaoufanya uchungu upitishike kutoka kwa mtu hadi mtu.

Tena katika taarabu yupo mtu wa nne, naye ni msikilizaji anayekwenda kutunza. Aliyehudhuria taarabu ya harusi amewahi kuona mwanamke akiinuka kwenye kiti chake wakati ubeti fulani unaimbwa, akatembea taratibu hadi mbele, noti mkononi, akimtunza mwimbaji huku uso wake ukielekea kwingine, upande alipo mtu ambaye ujumbe umemkusudia. Kwa dakika hiyo wimbo ni wake. Mtunzi alikuwa na jambo lake alipotunga, lakini mwanamke huyu ameyachukua maneno yale akayafanya kauli yake, na kila aliye ukumbini anaelewa. Huko ndiko kufasiri wimbo, na hakukuhitaji kujua mtunzi alimpenda nani. Huwa nasikitika ninapoona desturi hii ikielezwa kama ushindani na majivuno tu. Ndani yake kuna wanawake waliopata nafasi ya kusema majuto ambayo wasingeweza kuyasema kwa vinywa vyao wenyewe, mbele ya watu wale wale.

Sasa niuguse wimbo mwingine, wa namna tofauti kabisa, ili nionyeshe kwamba kuyasikiliza maneno kunaweza pia kutuondolea huruma tuliyoitoa bila ya kufikiri. Ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Magitaa yake ni matamu mno, na ninaamini utamu huo umetufanya tumwamini msemaji kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Anaanza kwa kuuliza hasira ni za nini, na kwa nini huyo bwana anataka kumuua bure. Tunamwonea huruma. Kichwa cha wimbo kimeshatuambia kwamba hana makosa, na wengi wetu tumeukubali utetezi huo kwa zaidi ya miaka 40.

Lakini yasikilizeni maneno ya utetezi. Anasema kwamba yule mwanamke si wako, nami si wangu; wewe una wako nyumbani, nami nina wangu nyumbani; chuki basi ni ya nini kati yetu? Hakuna mahali popote anapokana kwamba alikuwa na mwanamke huyo. Anachokana ni umiliki. Hoja yake ni kwamba, kwa kuwa hakuna mwenye mali, hakuna mwizi. Na katika kuijenga hoja hiyo amekiri kila kitu: kwamba wanaume wawili wenye wake nyumbani wanagombea mwanamke wa tatu, na kwamba mmoja anamwomba mwenzake wapatane. Mwanamke anayegombewa hana jina wala kauli. Wanawake wawili walioko nyumbani wametajwa kwa neno moja moja, wako na wangu, na hakuna anayejua kama wana habari. Haya si majuto. Ni woga wa kipigo na ni ustadi wa kujitetea, na mtunzi ameyaandika kwa jicho kali mno. Ninausifu wimbo huu kwa sababu hiyo. Haumhukumu msemaji, bali unamwachia aseme mpaka ajifunue mwenyewe, nasi tunaachiwa kazi ya kuuliza makosa ni nini ikiwa haya si makosa.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba ni wimbo wa amani kati ya wanaume, na kwamba naupa uzito usiokuwa wake. Naiheshimu fasiri hiyo, kwani ombi la kuacha chuki limo kweli. Ninachosema ni kwamba mtu akizisikiliza "Malaika" na "Sina Makosa" zikifuatana, atamsikia kijana asiye na kosa akibeba majuto, kisha atamsikia mtu mzima mwenye kosa akiyakataa, na atajiuliza mengi kuhusu mapenzi ambayo hakuna kisa cha maisha ya mwanamuziki kitakachomjibu.

Swali la nani anaambiwa linafaa hata kwa nyimbo za leo. Wimbo wa zamani wa taarabu unamtuma njiwa apeleke salamu kwa muhibu, na "Kamwambie", wimbo uliomtambulisha Diamond Platnumz kwa watu wengi, unamtuma mtu ambaye hatumjui. Kwa nini mwenye uchungu asiseme na mhusika mwenyewe? Huenda mlango umefungwa, huenda ni aibu, huenda anajua kwamba yeye mwenyewe hatasikilizwa tena. Mahali pa kumweka mjumbe ndipo mtunzi anapotuonyesha uhusiano umefika wapi. Lakini tulipokuwa tukizungumza juu ya "Kamwambie", tulizungumza zaidi juu ya msichana ni nani.

Sidai kwamba maisha ya mtunzi hayana faida. Kujua mwaka, mji na hali ya nyakati kumenisaidia hapo juu kueleza mali na pesa. Faida hiyo hupatikana pale habari za nje zinapotusaidia kuliona neno lililomo ndani ya wimbo. Zinapochukua nafasi ya neno hilo, hugeuka kuwa udaku, na udaku huwaumiza watu walio hai. Wako wanawake ambao majina yao yametajwa hadharani kwa miaka mingi kwamba ndio walioutesa moyo wa fulani, bila ya wao kuulizwa, na bila ya wimbo wenyewe kuwataja.

Kwa hiyo ninalo ombi kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako. Mnapoandika juu ya wimbo wa zamani, chapeni maneno yake kwa ruhusa ya wenye haki, yakiwa katika mishororo na beti zake, ili msomaji ayaone. Mtunzi wa maneno atajwe peke yake, mtunzi wa muziki peke yake, mwimbaji peke yake, pamoja na bendi na mwaka wa kurekodiwa. Na pale utunzi unapobishaniwa, kama ilivyo kwa "Malaika", semeni wazi kwamba unabishaniwa na muwataje wanaodai. Tengeni nafasi japo ndogo kila wiki, wasomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja, Bujumbura na kwingineko waandike wanavyousikia mshororo mmoja tu, kila mtu na hoja yake. Na pale ambapo waimbaji wametofautiana, mmoja akaimba "hukuwaza" na mwingine "nakuwaza", msitusahihishie. Yachapeni matoleo yote mawili, na muandike chini ya kila moja ni nani aliyeliimba.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mombasa.